Sussex spanieli wangu hapa Mkomani: si koka, si mgonjwa, na si mvivu

Baba_Tofi

Salaam kwenu nyote. Kila asubuhi nikiteremka ufuoni na mbwa wangu Tofi nasimamishwa na mtu. Huyu ni koka (cocker spanieli)? Mbona mfupi, amechanganywa na nini? Mbona hakimbii, anaumwa? Juma lililopita kijana mmoja wa Bamburi alinipata kwa simu. Ana shemeji yake Uingereza aliye tayari kumtumia mtoto wa mbwa wa aina hii hii, naye ataka kujua kama atamuweza. Nikamwambia niache niandike yote mahali pamoja, asome, kisha tuzungumze.

Tofi ni Sussex spanieli, aina ya mbwa wa kuwinda wa Uingereza. Nilimpata mwaka 2019 kwa mzee Mwingereza niliyemtunzia bustani kule Nyali miaka kumi na moja. Maradhi yalipomlazimu mzee kurudi kwao, mbwa alikuwa na miaka mitatu na huko aendako hapakuwa na nafasi ya mbwa. Aliniita barazani, akanitia kamba mkononi na bahasha ya karatasi za chanjo na za ukoo wake, akasema hamjui mtu mwingine wa kumwachia. Tofi alinifuata hadi nyumbani bila kuvutwa. Usiku ule alilia mpaka adhana ya alfajiri.

Umbo lake kwanza, maana ndilo linalowachanganya watu. Ni mrefu wa mwili, mfupi wa miguu, mpana wa kifua. Begani ni kama sentimita 40, na uzito wake unakaribia kilo 23, yaani karibu nusu mfuko wa saruji. Masikio mazito yaning'inia chini. Paji la uso limekunjamana, kwa hiyo anaonekana kama mtu anayewaza deni, lakini ndivyo alivyoumbwa. Akitembea hubembea ubavu huu na ubavu huu kama jahazi lililopakiwa sawasawa. Na rangi yake haina mfano. Akiwa kivulini utasema ni kahawia tu, rangi ya ini. Akitoka juani, ncha za nywele zawaka dhahabu, hasa mgongoni na kwenye mashada ya nyuma ya miguu. Hiyo dhahabu ndiyo alama ya Sussex halisi. Ukioneshwa mwenye rangi ya ini iliyokoza tupu, uliza maswali.

Nitaendelea jioni, nina kazi.

Bint_Kuze

Mashallah, ni mzuri. Nilimwona pale karibu na wauza madafu nikadhani ni mbwa mzee anayejikokota. Swali langu ni moja: ni mkali? Nina watoto.

Baba_Tofi

Dada, si mkali. Wajukuu wangu wawili hulala wameegemea tumbo lake. Ila mgeni akigonga lango atabweka mpaka uende ukamwone mwenyewe, na akikuona umemkaribisha hunyamaza. Lakini watoto wafundishwe wasimvute masikio na wasimpande mgongoni. Mgongo mrefu namna ile hauchukui mzigo.

Huo mwendo wa kujikokota una historia yake. Nimesoma karatasi za mzee mara nyingi mpaka zimechanika mikunjo. Mwaka 1795 bwana mmoja mwenye mashamba makubwa, Augustus Elliott Fuller, alianza kuzalisha mbwa hawa shambani kwake Rosehill, kijiji cha Brightling, jimbo la Sussex kusini mwa Uingereza. Aliendelea nao kwa karibu nusu karne. Nchi ile ina udongo mzito wa mfinyanzi na vichaka vilivyosongamana, na wawindaji walikwenda kwa miguu. Mbwa mwepesi angewapotea. Walitaka mbwa mzito, wa chini, anayepenya vichakani taratibu bila kuchoka, na jambo la pili ndilo lililonipatanisha na jirani yangu: anayetoa sauti akipata harufu. Spanieli wengine huwinda kimya. Huyu huimba, na mwindaji asiyemwona humfuata kwa masikio.

Mwaka wa kwanza jirani alinilalamikia, na alikuwa na haki. Saa tisa usiku Tofi anabweka, si ule mbweko mmoja mmoja wa kutisha mwizi, bali mfululizo, sauti inapanda na kushuka. Nilimkaripia sana. Baadaye nikaamka na tochi nikakaa naye. Pua ilikuwa chini kwenye tundu la ukuta, mkia watetemeka, na ng'ambo ya ukuta nguchiro alikuwa akipita. Mbwa alikuwa kazini, mimi namgombeza kwa kazi yake. Nikaziba lile tundu, nikamhamishia usiku upande wa mbele, na kelele zikapungua zaidi ya nusu. Kunguru bado anawaimbia. Hapa Mombasa kunguru hutawamaliza, kwa hiyo jirani naye ameshazoea mchana.

Mzee_wa_Tudor

Nimefuga majibwa ya ulinzi miaka thelathini. Kwa maoni yangu mbwa asiyeshika amri kwa siku mbili ni mjinga au hakufundishwa kwa mkono mzito. Huyu wako nimemwona umemwita mara tatu ndipo akageuka.

Baba_Tofi

Mzee wangu, shikamoo. Umemwona sawa, lakini hiyo sababu siikubali, kwa kuwa mkono mzito niliujaribu. Nilimvuta kamba, nikampandishia sauti. Alichofanya ni kukaa chini. Hakukimbia, hakuonesha meno, alikaa tu, akageuza uso pembeni, na hata ungemvuta na tuktuk asingeinuka. Siku mbili baadaye bado alikuwa akinizunguka kwa mbali ua mzima. Nilijisikia vibaya sana.

Nikaanza upya na dagaa wakavu. Kipande kidogo kama ncha ya kidole, jina lake, "njoo", akija anapata. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, basi. Ilichukua karibu miezi minne. Lakini alichokishika hajakiacha hadi leo. Mara tatu ulizoniona nikimwita alikuwa na pua kwenye harufu, na Sussex mwenye harufu puani humaliza kwanza kusoma alichoanza. Husikia. Mwite kwa sauti ya kawaida, subiri, atakuja. Ukirudia kwa hasira ndio unampoteza.

Veti_Kisiwani

Habari zenu. Mimi ni daktari wa mifugo hapa kisiwani. Nimewaona spanieli wengi, Sussex huyu ni wa kwanza kumsikia hapa Pwani, na si ajabu. Hata kwao Uingereza wamo kwenye orodha ya aina za asili zilizo hatarini, ambayo huingiza mbwa ambao watoto wao wanaosajiliwa kwa mwaka hawafiki 300. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walibaki wachache mno, na mama mmoja, Joy Freer, ndiye aliyewalisha na kuwatunza wa kwake mpaka vita vikaisha. Sussex wa leo ni uzao wa mbwa wake. Ukoo ukipita kwenye tundu jembamba hivyo, maradhi ya kurithi nayo hupita, na hapo ndipo ningetaka yule kijana wa Bamburi asikilize.

Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa upungufu wa PDP1 (kimeng'enya cha mwilini), unaopatikana kwa Sussex na kwa binamu yake, spanieli aitwaye Clumber. Misuli hushindwa kukitumia chakula kupata nguvu kama inavyotakiwa, asidi inajaa mwilini, na mbwa huanguka baada ya zoezi dogo tu. Hubainika kwa kipimo cha vinasaba, na mate ya ndani ya shavu yanatosha. Mbwa huugua akirithi kwa baba na kwa mama, kwa hiyo mwuzaji akuoneshe majibu ya wazazi wote wawili. Nyonga nazo zipigwe picha, na moyo usikilizwe. Baba Tofi, wako alipimwa?

Baba_Tofi

Ndiyo daktari, majibu yamo kwenye bahasha, ni mzima. Ninashukuru kwamba yalikuwemo, kwa sababu Tofi aliwahi kuanguka, na bila karatasi ile ningedhani ni ugonjwa huo.

Niwaeleze, maana kosa lilikuwa langu. Ilikuwa Februari 2020. Mnaujua mwezi huo, kaskazi imelegea, hewa imesimama, shati laganda mgongoni hata kabla ya chai. Nilichelewa kuamka, nikamtoa saa nne asubuhi nikijiambia ni mzunguko mfupi. Kurudi, karibu na barabara ya lami, akaanza kutweta kwa sauti ya kukwaruza. Ulimi ulikuwa umetanuka mwishoni kama mwiko. Mate yakawa mazito, yananing'inia bila kukatika. Nikamfunua mdomo, ufizi mwekundu kama tikiti. Hatua chache mbele miguu ya nyuma ikapishana, akalala kwenye mchanga.

Nilimbeba hadi kwa muuza madafu. Yule bwana, Mungu ampe kheri, hakuuliza mbwa ni wa nani. Alichukua ndoo yake ya maji akammwagia tumboni, kwapani na nyayoni, na mwanawe akapepea kwa ukili wa kapu. Tulipofika kwa daktari joto lake lilikuwa bado 41.3. Alilazwa usiku mmoja kwa dripu. Mimi sikulala.

Veti_Kisiwani

Huyo muuza madafu alifanya kama inavyotakiwa. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38.3 hadi 39.2. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kutweta, na hewa ikiwa imejaa unyevu kama yetu, kutweta hakusaidii sana, kwa sababu mate hayakauki. Ndiyo maana nyuzi 32 za Mombasa humuumiza mbwa zaidi ya nyuzi hizo hizo za mahali pakavu. Anza kumpoza pale pale kabla ya kutafuta gari. Maji ya bomba, mengi, na upepo. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, maana likipata joto linakuwa blanketi. Na usimlazimishe kunywa akiwa amelegea.

Kijana_Bamburi

Asante sana, ninasoma kila kitu. Baba Tofi, kwa hiyo siku yake inakwendaje? Nina ua na feni, lakini nipo kazini saa mbili hadi kumi na moja jioni.

Baba_Tofi

Mwanangu, hayo masaa ya kazi ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko joto. Ngoja nieleze siku kwanza.

Tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Dakika arubaini, tukifuata kivuli cha mivinje, na maji yakipwa anatembea kwenye mchanga mbichi na kunusa mabwawa ya miamba. Anapenda bahari. Si mwogeleaji wa mbio, lakini hujitosa kifuani akasimama. Tukirudi ninamsuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na hapa kwetu maji ya kisima ni ya chumvi, kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 20 wa mkokoteni ni wake kila tukitoka baharini. Chumvi ikikauka kwenye yale manyoya mazito ngozi huwasha, anajikuna mpaka damu.

Saa tatu hadi kumi yuko ndani, kwenye sakafu ya saruji chini ya feni. Stima ikikatika namwekea chupa za maji ya barafu zilizofungwa kitambaa. Jioni tunatoka tena jua likishatua, na kwanza naweka kiganja changu kwenye lami. Nikishindwa kukiacha hapo, nyayo zake nazo haziwezi. Kuanzia Juni kusi likivuma anakuwa mbwa mwingine kabisa, anatembea saa nzima na bado anataka.

Watu huniambia nimnyoe. Sinyoi. Nywele zile zikinyolewa hadi ngozi, jua linampiga moja kwa moja, na zikirudi hurudi ovyo. Ninachofanya ni kuchana mara tatu kwa juma, nikitoa sufi ya chini iliyokufa, ili hewa ipite. Chanuo likitoka limejaa, ujue ulichelewa.

Sasa masikio, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa Tofi aliteseka kwa ujinga wetu miezi mitatu. Alianza kutikisa kichwa. Nikainua sikio: ndani nta ya kahawia na harufu kama mkate uliochacha. Kliniki moja nilikokwenda walinipa dawa ya matone bila kuchukua chochote cha kupima. Ilipoisha wakanipa nyingine, kisha ile ya kwanza tena. Sikio likazidi kuvimba, akawa analia nikimgusa. Daktari wa pili alichovya pamba kidogo, akapaka kwenye kioo, akaweka chini ya hadubini mbele yangu. Fangasi. Dawa yake ilikuwa tofauti kabisa, na baada ya majuma mawili harufu ikaisha. Tangu hapo, kila akiloa, nafuta masikio kwa kitambaa kikavu, napunguza nywele za upande wa ndani chini ya tundu, na mara moja kwa juma natia maji ya kusafishia aliyoniandikia daktari, nakanda mzizi wa sikio mpaka nisikie yakipwaya ndani, kisha namwacha atikise mwenyewe. Vijiti vya pamba sitii kabisa.

Veti_Kisiwani

Naongeza mambo ya Pwani hasa. Kupe: chunguza katikati ya vidole na ndani ya masikio kila siku, yale mashada huwaficha. Kupe wa kahawia huleta homa ambayo huanza kwa mbwa kukataa chakula, na ikichelewa ufizi hupauka, wengine hutoka damu puani. Mbu wetu nao hubeba minyoo ya moyo. Mbwa mkubwa apimwe kwanza ndipo aanzishiwe dawa ya kila mwezi. Matandiko yake msiyaanike chini wala mchangani, nzi wa maembe hutaga hapo na mabuu huingia ngozini. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, usipitishe hata mwezi mmoja.

Shamba_Likoni

Sipendi kuharibu uzi, lakini lazima tuseme. Wengi wetu hapa ni Waislamu. Mbwa ndani ya nyumba, mate, sakafu. Mnasemaje?

Bint_Kuze

Ndugu yangu, umesema la haki. Sisi tunaofuata Shafii, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi, mahali huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo maana mimi simfugi ndani. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda ruhusa yake inajulikana, na tusisahau ile hadithi sahihi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake cha ngozi akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Najisi ni hukumu ya kusafisha, si ruhusa ya kutesa. Juzi nimeona vijana wakimpiga mbwa mawe pale Kongowea, nikalia.

Baba_Tofi

Dada, Mungu akuweke. Mimi ni Mkristo, lakini jirani zangu ni Waislamu, na Tofi hana njia ya kupita kwenye baraza lao. Kamba naishika fupi, upande wa mbali na watu, hasa saa ya watu kwenda msikitini wakiwa na udhu. Hiyo nayo ni sehemu ya kumtunza. Mbwa ambaye majirani wamemkubali hapati sumu wala jiwe.

Sasa mwanangu wa Bamburi, lile la saa tisa za kazi. Mbwa huyu hawezi upweke. Mwaka juzi tulikwenda harusini Lamu siku tatu, tukamwacha na kijana anayemjua vizuri, chakula chake kile kile, mahali pake pale pale. Hakula siku mbili. Alikaa kwenye ndara zangu mlangoni akilia sauti moja ndefu, jirani akanipigia simu akidhani ameumia. Tuliporudi hakuruka wala hakubweka. Alikuja akaniegemea mguuni uzito wote, akabaki hivyo, mpaka nikaketi chini.

Na chakula: upweke ukichanganyika na chakula cha kumtuliza unapata mbwa mnene, na Sussex hunenepa upesi. Kilo tatu zikizidi, nyonga na mgongo ndivyo vinavyolipa, na joto linampata haraka zaidi. Wangu anakula mara mbili, kipimo kile kile, na wageni wote wameambiwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, zabibu, chokoleti, hapana.

Mzee_wa_Tudor

Marahaba, Baba Tofi. Nimesoma yote. La mkono mzito nitalifikiri. Nina jike moja kwangu ambalo hukaa chini hivyo hivyo nikipandisha sauti, nami nimekuwa nikiliita kaidi.

Kijana_Bamburi

Nimezungumza na shemeji. Nimemwambia asitishe. Kwa kweli nilimtaka kwa sababu nilisoma kuwa mmoja wao, Stump, alishinda maonyesho makubwa ya Westminster kule New York mwaka 2009 akiwa na miaka kumi, mbwa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kushinda, nikaona ni mbwa wa ajabu. Lakini nyumba yangu haina mtu mchana. Labda nikihamia kwa mama.

Baba_Tofi

Umeamua vizuri, wala sikuambii usimpende. Ukihamia kwa mama, mtafute kwanza mbwa wa hapa hapa. Wako wengi barabarani wenye masikio yaliyosimama, nywele fupi, na mwili uliozoea joto hili. Ukiona umemuweza kwa mwaka mzima, ndipo tuzungumze habari za vibali na ndege, na asisafirishwe Januari hadi Machi.

Kama wataka kumjua Tofi, Jumamosi tutakuwa chini ya mivinje saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Usimwite kwanza. Kaa chini kwenye mchanga, weka mkono wazi gotini, mwache akunuse mpaka amalize.

Kijana_Bamburi

Nitafika. Nilete dagaa?

Baba_Tofi

Watatu tu. Na wawe wadogo.